Mchezo wa Dadu Katika Wodi ya Mifupa

Mliniomba niandike, na mimi sijawahi kuwakatalia watu walionichemshia chai miaka yote hii. Lakini msitarajie habari za vyeo. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mshahara mnaujua, kwani ni huo huo wenu. Nitawaandikia juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya ule mchezo wa dadu mnaoniuliza kila siku, kwa sababu naona kila mmoja wenu amesimuliwa kivyake na hakuna aliyesimuliwa sawasawa.

Nilifika hospitalini mwanzoni mwa miaka ya themanini, msichana mwembamba ndani ya koti jeupe la kuazima, na cheti changu cha tiba ya kazi kikiwa kimekunjwa mkobani. Hakuna aliyejua tiba ya kazi ni nini. Wagonjwa walidhani nimekuja kugawa ajira. Mzee mmoja aliniamkia kwa heshima zote na kuniuliza kama kuna nafasi ya mlinzi. Sista Dorka, mkuu wa wodi ya mifupa ya wanawake, alinisikiliza nikijieleza kwa Kiingereza kirefu, kisha akanikabidhi kikombe cha uji. "Yule mama wa dirishani amevunjika bega," akasema. "Nenda umsaidie anywe mwenyewe. Ukimaliza, utaniambia hiyo tiba yako ni nini."

Nilikaa na yule mama asubuhi nzima. Uji ulimwagika shukani, ukamwagika kwenye koti la watu, mwishowe ukafika mdomoni. Sista Dorka alipopita akatazama koti, akatazama kikombe kitupu, akasema, "Haya, sasa umeanza kazi." Huyo ndiye mwalimu wangu. Hakupenda maneno mengi na hakupenda kelele, na mtu akilia alijua kutoka mlangoni kama ni maumivu au ni upweke.

Vifaa vyetu mnavicheka leo mkiviona stoo, lakini vilifanya kazi. Mikanda ya kufungia viungo tulikata kutoka tyubu za baiskeli. Vishikio vya vijiko tulivinenepesha kwa matambara na gundi. Udongo wa kufinyangia mimi mwenyewe nilibeba kwa ndoo, na mara nyingine nikisahau nilirudi nao nyumbani Migosi, mwenye nyumba akidhani najenga kwa siri. Kitu ambacho hatukuwa na dawa yake ni kuchoka kwa wagonjwa. Mtu akivunjika paja enzi hizo mguu ulitundikwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, naye akalala chali wiki baada ya wiki akihesabu nyufa za dari. Mama mzima, mwenye biashara na watoto, anageuka kuwa mguu uliotundikwa. Hata sisi tulikuwa tunasema, "Nenda ukamwone yule paja."

Mchezo wenyewe uliletwa na binti wa kujitolea kutoka Uingereza, aliyekaa nasi kwa muda mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alipoondoka aliacha sufuria, viatu vya mvua, na sanduku lenye vitabu vya sheria na dadu za ajabu, nyingine zenye pembe nyingi kama jiwe lililochongwa. Alikuwa amenieleza hivi: mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi ile. Mtu huyo anaandikiwa uwezo wake, na kila uwezo una namba inayopatikana kwa kurusha dadu. Msimulizi akisema mbele kuna mto, wewe unasema mtu wako anafanya nini, kisha unarusha dadu. Ikitoka namba isiyozidi uwezo wako, umevuka. Ikizidi, umelowa.

Nikafikiri, hiki ni kitu cha mtu aliyelala chali. Hakihitaji miguu.

Nikatupa majumba ya wazungu na mazimwi yao, nikatunga safari ya mtumbwi kwenda kisiwani kurudisha ngoma iliyoibwa. Wachezaji wa kwanza walikuwa wawili. Mama Plista alikuwa muuza samaki wa Dunga, mwili wake mkubwa na sauti yake kubwa zaidi, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye magamba. Bi Zuhura alikuwa mfanyabiashara wa leso, Mwislamu wa mjini, mzaliwa wa Kaloleni, ambaye babu yake alitoka pwani, jambo ambalo Bi Zuhura hakuacha kutukumbusha. Wote wawili waliniita Sista Mary. Mimi si sista, nimewaambia mara elfu, lakini ukivaa nyeupe kwetu wewe ni sista au wewe ni daktari, chagua.

Kitabu cha sheria kilisema kila mtu ana uwezo mpana, basi: Nguvu, Wepesi, Akili, Uvumilivu na Maneno. Kila jambo duniani liingie humo. Mama Plista akarusha dadu akapata Nguvu kubwa mno, na kuanzia siku hiyo hakutumia kingine.

"Mbele yenu kuna mlango," nasema.

"Nauinua."

"Umefungwa kwa kufuli, Mama."

"Aii, nauinua na kufuli yake!"

"Kuna mzee amekaa hapo, anataka kubembelezwa kwa maneno."

"Namwinua mzee."

Bi Zuhura alicheka mpaka Sista Dorka akaja kusimama mlangoni. Alituangalia kwa muda, kisha akasema tupunguze sauti. Hakusema tuache. Kwa Sista Dorka hiyo ilikuwa kama kupewa kombe.

Kisha akaletwa Atieno. Alikuwa kijana, mjane, kutoka Pap Onditi kule Nyakach, kwa wafinyanzi. Alikuwa amepanda juu ya trela ya miwa na wenzake wakitoka kulima kibarua, trela ikapinduka. Paja lilivunjika, na mkono wa kulia ulisagika hata ikabidi ukatwe chini ya kiwiko. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Awuor, aliyekuwa anaanza tu kusema maneno. Mtoto alikuwa amechukuliwa na dada mkubwa wa Atieno, Nereah, aliyeolewa Sondu na ambaye Mungu hakumpa mtoto.

Nereah alikuja kumtazama mara kwa mara, mama mpole, analeta maziwa ya mgando na viazi. Siku moja nikiwa kitanda cha pili nafunga mkanda, nikasikia akisema kwa sauti ya chini, "Atieno, mimi nitakaa na mtoto moja kwa moja. Wewe utamlea na nini?" Atieno akatazama dari. "Sawa, dada," akasema. "Siku nikitoka hapa nitakwambia neno la mwisho, lakini ni sawa." Nereah alipoondoka, Atieno alivuta shuka mpaka machoni. Hapo nikajua kwamba tuna muda wa kupona kwa paja tu, kwa sababu siku paja lile litakapopona, mtoto ataenda Sondu na hatarudi.

Kazi ya mkono ilimshinda kwa kukataa, si kwa kutoweza. Nikimpa kijiko anasema, "Sishiki." Nikimpa kitambaa akunje anasema, "Nitakunja na nini?" Neno lake lilikuwa moja, siwezi, na alilifunika juu ya kila kitu. Nikamwalika kwenye mchezo ili tu asikie watu wakicheka.

Akarusha dadu kwa mkono wa kushoto, akapata Wepesi mkubwa kuliko sisi wote. Nilifurahi kama mjinga. Yeye akaisukuma karatasi. "Huyo si mimi," akasema. "Mwenye mkono mmoja anaandika nini pale kwenye Wepesi? Andika sifuri, Sista."

Usiku nikiwa nyumbani nililifikiria neno lile. Alikuwa na haki ya kukasirika. Wepesi ni neno pana mno: ndani yake kuna kukimbia, kuna kushona, kuna kudaka mtoto kabla hajaanguka. Ukimwuliza mtu kama yule namba ya Wepesi wake, umemlazimisha ajibu yote kwa pamoja, na atajibu kwa lile alilopoteza.

Basi nikabadilisha sheria. Nikawaambia tufute uwezo mpana, kila mmoja aandike vitu vidogo anavyovijua. Mama Plista akaandikisha kupaa magamba ya samaki mbuta, kujua samaki wa jana kwa kumtazama jicho, kutukana bila kutumia tusi. Bi Zuhura akaandikisha kupima kitambaa kwa macho, kujua mteja asiyenunua, kupika pilau ya watu wa msiba, na akaendelea mpaka karatasi ikageuzwa nyuma. Atieno hakuandikisha kitu, ila alisikiliza, na mara moja alitabasamu.

Tukaanza safari. Katikati ya ziwa nikasema mtumbwi umepasuka, maji yanaingia. Nani ameandika kuchota maji mtumbwini? Tukatafuta kwenye karatasi zote. Hakuna. Kuogelea? Hakuna. Sheria ni sheria, wakazama wote.

Jamani, siku hiyo! Mama Plista alitaka kushuka kitandani na nyonga yake. "Mimi mtu wa Dunga! Nimezaliwa kwa maji! Nizame kwa sababu sikuandika kuchota? Nani anaandika kuchota maji, Sista Mary? Wewe umeandika wapi kwamba unajua kupumua?" Bi Zuhura naye alisema kwa upole wa kukera kwamba kwao mtu hazami kwa ajili ya karatasi. Nilijaribu kujitetea, nikashindwa. Uwezo mpana uliwafanya wote wafanane; uwezo mdogo mdogo uliwaua kwa kitu ambacho hata nyani wa kisiwani angefanya.

Ni Mama Plista aliyetutoa hapo, na alitutoa kwa hasira. "Shida yenu mnaandika kama watu wanaoomba kazi," akasema. "Sisi mtu haandiki. Mtu anajisifu!"

Kwa wenzetu wasio Wajaluo nieleze. Kuna desturi inaitwa pakruok. Watu wako sherehe, mpiga nyatiti, kile kinanda chetu cha nyuzi nane, anapiga, na wewe ukijisikia unamsimamisha. Muziki unanyamaza. Unasimama unajisifu, au unamsifu rafiki yako, yeye ni nyar wapi, yaani binti wa wapi, amefanya lipi. Ukimaliza, muziki unaendelea. Na sifa yenyewe haiwi ya jumla. Ukisimama useme tu wewe ni hodari, watu watakuzomea ukae.

Tukaifanya sheria. Uwezo mpana ukarudi, ili mtu asizame kijinga. Kila mtu ana Nguvu yake na Akili yake ya kumtosha. Lakini wakati wowote mchezaji angeweza kugonga chuma cha kitanda kwa kijiko, nami msimulizi ninyamaze. Anajisifu kwa jambo alilowahi kulifanya kweli, mahali pake, na mbele ya nani. Wodi ikilikubali, jambo hilo linakuwa lake daima, na linamwongezea namba kila linapohusika. Na mtu angeweza kumsifu mwenzake.

Mwajua kilichofuata? Wodi nzima ikaingia. Akina mama wasiocheza wakawa ndio majaji. Mtu akisema, "Mimi nina akili," wanamjibu kwa pamoja, "Wapi? Ulifanya nini?" Bi Zuhura akajisifu kwamba aliwahi kuuza leso ileile kwa wake wenza wawili siku moja, na kila mmoja akaondoka akiamini mwenzake hana. Wakaikubali kwa vigelegele, na Sista Dorka mwenyewe, ambaye alikuwa akijifanya anasoma chati, akasema, "Hiyo apewe."

Atieno hakugonga kitanda. Wiki zikapita. Alicheza kwa uwezo wake mpana tu, kimya, na alipofaulu alisema ni dadu.

Wakati huo kitanda cha jirani yake kulikuwa na mama aliyefungwa plasta mikono yote miwili, na mtoto mchanga wa kunyonya. Siku moja mchana yule mtoto alilia, wauguzi wako mbali. Atieno, mguu ukiwa bado umetundikwa, alijivuta ukingoni, akamwokota mtoto kwa mkono wa kushoto, akamlaza kifuani na kumzuia kwa ule mkono mfupi, akamwimbia mpaka akalala. Kisha akatazama huku na huku kama mwizi. Alidhani hakuna aliyeona, kumbe mimi nilikuwa mlangoni.

Kesho yake hadithi yetu ilifika nyumbani kwa mwizi wa ngoma. Nikasema humo ndani kuna mtoto mchanga ameanza kulia, na akizidi kulia walinzi wataamka. Sitawadanganya, nilimweka mtoto yule pale kwa makusudi. Nani ataingia?

Mama Plista akagonga kitanda chake, ngo, ngo, ngo.

"Simama hapo, msimulizi! Mimi simsifu Plista leo. Namsifu Atieno nyar Nyakach, binti wa wafinyanzi, aliyelala chali mguu uko juu kama mnazi, akamnyamazisha mtoto wa mwenzake kwa mkono mfupi, na mtoto akalala kuliko anavyolala kwa mama yake!"

Wodi ikapiga vigelegele. Atieno akageuka, uso umewaka. "Nani amekutuma kutaja mkono wangu?" akasema. "Nani amekutuma, Mama Plista?"

Nilifikiri tumemvunja. Bi Zuhura ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayekunja kitambaa, "Mwanangu, kwani ni uongo? Kama ni uongo sema, tutaifuta."

Mama wa plasta akasema kutoka kitanda cha jirani, "Si uongo. Mimi nilikuwa macho."

Atieno akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua dadu. Ilitoka namba iliyozidi uwezo wake kidogo tu. Nikaongeza sifa yake, ikatosha. "Mtoto amelala," nikasema. "Walinzi hawakuamka."

Hapo akalia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho alikuwa hajalia tangu aletwe, na Sista Dorka akaja akakaa naye kitandani, jambo ambalo alitukataza sisi sote kulifanya. "Namtaka mtoto wangu," Atieno akasema. "Sista, mimi namtaka mtoto wangu."

Tangu siku hiyo nikabadilisha namna ya kufanya kazi, na nyinyi mliofundishwa na mimi ndivyo mnavyofanya bila kujua ilitoka wapi. Sikumwuliza tena mgonjwa kama anaweza kupika au kulea. Tulikivunja kitu vipande. Kulea mtoto tulikuvunja mpaka kukatapakaa kitanda kizima: kumwinua, kumlaza, kumwosha, kumlisha, kumfunga mgongoni. Kila kipande tulikijaribu peke yake. Kumfunga mgongoni, mguu uliposhushwa kwenye kamba, kulitusumbua zaidi, na hapo Bi Zuhura alikuwa mwalimu. Tulitumia mto wa hospitali badala ya mtoto: uiname, mto ulale mgongoni, leso uirushe juu, ncha moja uibane kwa kwapa la mkono mfupi, nyingine uivute kwa mkono mzima, na fundo ulikaze kwa meno. Ule mto ulianguka mara nyingi. Mama Plista aliuita jina na kuuomba msamaha kila ulipoanguka.

Vipande vingine vilikataa, na tuliviacha vimekataa. Hilo nalo mlishike. Msimdanganye mtu.

Paja likapona. Siku ya kuruhusiwa Nereah alikuja na mtoto mgongoni. Awuor alikuwa amekua, amenona, na alimtazama mama yake kama anavyotazama mtu yeyote. Tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi, na madirishani nyuma yetu kulikuwa na kimya ambacho sikuwahi kukisikia kwa Mama Plista.

"Sasa neno la mwisho, Atieno," Nereah akasema. "Nilimtengenezea hata kitanda."

"Namtaka, dada."

Nereah akauinamia mkono wa kulia wa ndugu yake, akautazama kwa huruma. "Lakini utaweza?"

"Kuweza nini?"

"Kulea mtoto!"

"Mtoto ni mambo mengi. Niulize moja moja."

Nereah akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemharibu mdogo wake. Kisha akauliza. Kumbeba? Naweza. Kumwosha? Naweza, kwa beseni la chini, nikiwa nimekaa. Kumvalisha? Nguo isiyo na vifungo. Maji? Mtungi mdogo, nitaenda mara nyingi. Ugali? Sufuria naibana kwa miguu, njoo uone. Akiugua usiku? Nitamfunga mgongoni niende.

Kila jibu sauti ya Nereah ilizidi kushuka. Nilikuwa nimemshangilia Atieno moyoni wiki zote zile, na hapo ndipo nilipoona kwamba kila "naweza" ilikuwa inamtoa mtoto mgongoni kwa mwanamke mwingine aliyempenda. Alipeleka mkono nyuma akampapasa Awuor kichwani. Alikuwa amemsuka mistari myembamba, imenyooka, kazi ya mtu mwenye subira.

"Na nywele?" akauliza polepole. "Kumsuka?"

Atieno akaitazama ile mistari.

"Hiyo siwezi," akasema. "Kusuka kunataka mikono miwili, hata nifanyeje. Hiyo siwezi kabisa, dada. Itabidi uje. Ukichoka kuja, mimi nitamleta Sondu, lakini nywele zake asiguse mtu mwingine."

Nereah akacheka huku machozi yakimtiririka, akayafuta kwa kiganja.

"Basi nywele ni zangu," akasema, akafungua fundo la leso kifuani, akageuka ili mtoto ashukie upande wa mama yake.